Rangi Mkononi mwa Mtoto

Tumeona katika nyumba nyingi mtoto wa miaka 2 akipewa kalamu ya rangi, kisha hukamatwa mkono akalazimishwa kufuata mstari. Sisi twaona huko ni kumwonea. Mtoto wa umri huo huishika kalamu kwa ngumi, na mkono wake huenda tangu begani. Duara hulimudu akifika kiasi cha miaka 3. Mikwaruzo yake ndiyo kazi yake, basi na aachwe akwaruze. Ubao wa chuoni una wakati wake.

Wala si lazima kununua. Manjano mliyoyatwanga wenyewe, yakikorogwa kwa maji kidogo, hutoa rangi ya kupendeza. Kipande kikubwa cha mkaa hutoa nyeusi. Tandikeni karatasi juu ya mkeka mkuukuu, maana manjano hayatoki nguoni upesi, na kanzu ya Ijumaa iwe mbali!

Lakini mabaki ya rangi ya mlango au ya ukuta asipewe kabisa. Baadhi yake yana madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa machache. Na mtoto mdogo kila akishikacho hukitia kinywani.