Kabla ya kukata utepe, mpimeni mtoto

JICHO LA PWANI
Na Rehema Shebughe

Mkoa wa Tanga una ushahidi mzito kuhusu vifaa vya kufundishia, nao umelala kabatini. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi Machi 2019, watoto karibu elfu tatu katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huu walipewa vishikwambi vilivyobeba programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, wajifunze wenyewe bila mwalimu. Lilikuwa shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15 za Marekani, fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka kwa Elon Musk. Google ilitoa vishikwambi, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaweka vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua, UNESCO ikashughulikia upimaji, Serikali yetu ikafungua mlango. Tarehe 15 Mei 2019 washindi walitangazwa Los Angeles: onebillion ya London na Kitkit School ya kampuni ya Enuma, wakagawana dola milioni 10.

Sirudi kwenye shindano hilo kwa ajili ya fedha wala majina makubwa. Narudi kwa sababu ya jambo lililofanyika kabla ya kifaa cha kwanza kugawiwa: watoto walipimwa. Na vipimo vilikuwa vichungu. Asilimia 74 walieleza kuwa hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, katika mkoa huuhuu uliomzaa Shaaban Robert. Baada ya miezi 15 wakapimwa tena, na idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Katika hesabu, programu zote tano zilizofika fainali ziliwafaa wasichana na wavulana sawasawa.

Mwalimu yeyote aliyewahi kushika darasa la kwanza anajua maana ya matokeo hayo. Mtoto ambaye hakuwahi kufungua kitabu anaanza na irabu, anaunganisha silabi, mpaka siku moja neno linamtoka mdomoni akiwa kijijini kwake, hakuna mtu mzima aliyemwongoza. Hilo ni jambo kubwa na sitakubali lidharauliwe.

Lakini hesabu hiyohiyo inasema kwamba zaidi ya watoto wanne katika kila kumi walimaliza miezi 15, kifaa kikiwepo, chaji ikiwepo, programu bora duniani ikiwepo, na bado hawakuweza kusoma neno moja. Hawa ndio wanaonikosesha raha. Hawakuonekana kwenye picha za Los Angeles, na maswali yao ndiyo yanayotuhusu sisi wenye shule. Nyumbani kwao kulizungumzwa Kiswahili, au Kizigua, Kisambaa, Kidigo, Kimaasai? Kishikwambi kilipoharibika, ilichukua muda gani kurudi mikononi mwao? Waliposhindwa somo la tatu, nani aligundua? Mtoto anaweza kugusa picha ya kikombe kwa sababu amezoea mahali inapokaa kwenye kioo, mashine ikampigia makofi, kumbe herufi za neno hilo hazijui. Mwalimu aliyesimama nyuma yake angemwambia, "Hebu nisomee bila picha," na ukweli ungejulikana papo hapo.

Nasema hivi kwa sababu majaribio yale yaliwalenga zaidi watoto walio nje ya shule, tena kila mtoto na kishikwambi chake. Matokeo yake hayawezi kubebwa mzima mzima na kupachikwa kwenye madarasa yetu. Chukua darasa la pili lenye watoto tisini na vishikwambi kumi. Kila kifaa kina watoto tisa. Kipindi kikiwa cha dakika thelathini na zamu ziende kwa haki, kila mtoto atakishika dakika tatu na ushei, hapo sijatoa muda wa kuvigawa, kuviwasha na kuvirudisha kabatini. Kwenye taarifa ya shule itaandikwa kwamba darasa la pili linajifunza kwa TEHAMA. Ukweli ni kwamba lina dakika tatu.

Baada ya Sensa ya 2022, Serikali iliamua vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viende kwa walimu, na vikagawiwa takribani laki tatu nchi nzima, Bara na Visiwani. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Ni busara kuliko kuviacha vioze stoo, na mwalimu wa Kilindi au wa Mkinga ndani kabisa, anayepata kitabu cha kiada na kiongozi cha mwalimu kutoka Taasisi ya Elimu kwenye kiganja chake, amepunguziwa mzigo wa kweli. Ninachodai ni hatua inayofuata. Hafla zetu za makabidhiano zina desturi yake: idadi ya vifaa inasomwa, thamani yake inatajwa, mgeni rasmi anakata utepe, watoto wanaimba, tunapiga picha. Sijasikia hafla iliyoanza kwa mtu kusimama na kusema: katika shule hii, watoto kadhaa wa darasa la pili hawajui kusoma sentensi; tutakutana hapa baada ya mwaka tuone wamebaki wangapi.

Wenzetu wameshalipa ada ya somo hili. Peru ilinunulia watoto wa vijijini kompyuta ndogo chini ya mpango wa Laptop Moja kwa Kila Mtoto. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika waliangalia shule za msingi 319, na taarifa yao ya 2012 ilikuwa wazi: baada ya miezi 15, muda uleule wa Tanga, kompyuta zilikuwa zimejaa shuleni lakini alama za lugha na hisabati hazikupanda. Vifaa vilikuja bila kufungamanishwa na kile mwalimu alichotakiwa kufundisha siku ile. Tanga mambo yalikwenda tofauti kwa sababu programu ziliandikwa kwa lengo moja lililotajwa mapema, kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, na kila mtengenezaji alijua kwamba mtoto ndiye atakayemhukumu.

Mfano unaonigusa zaidi uko karibu, Kisumu. Watafiti wa mradi wa PRIMR nchini Kenya walilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia katika ufundishaji wa kusoma. Kundi moja, vishikwambi walipewa washauri wanaowatembelea walimu. Kundi la pili walipewa walimu. Kundi la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Matokeo yalionyesha kwamba makundi hayo matatu hayakupishana sana katika usomaji wa watoto. Kilichopishana ni gharama: kumpa mshauri mmoja ni nafuu mno kuliko kumpa kila mtoto. Na mafunzo yaleyale yakitolewa kwa vitabu na ziara za washauri bila teknolojia ya ziada, kila shilingi ilizaa zaidi. Kenya ikachukua somo hilo, na katika mpango wa Tusome ulioanza 2015 vishikwambi vilikwenda kwa wale washauri, ambao walikaa nyuma ya darasa, wakaangalia somo, kisha wakawasikiliza watoto wakisoma na kurekodi matokeo.

Sisi tunao watu wa namna hiyo. Maafisa elimu kata wapo, na pikipiki walishapewa. Laiti ningekuwa na sauti katika halmashauri za mkoa huu, ningeanza na wao. Afisa elimu kata afike shuleni Muheza au Pangani, achague watoto kumi wa darasa la pili bila kuchaguliwa na mwalimu mkuu, awasikilize mmoja mmoja wakisoma aya fupi ambayo hawajawahi kuiona, aandike kwenye kishikwambi chake maneno waliyoyasoma kwa usahihi kwa dakika moja. Kisha arudi baada ya muhula. Hapo tungejua kama projekta iliyofungwa, kompyuta zilizotolewa na mfadhili au redio iliyowekwa darasani imeongeza kitu.

Watu wataniambia kazi hiyo ni ya Baraza la Mitihani. Ni kweli Baraza linaendesha upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) darasa la pili na upimaji wa darasa la nne, na matokeo yake ni hazina. Lakini upimaji wa taifa unakupa hali ya watoto, haukupi sababu. Kama shule yenye vifaa imepanda na jirani yake isiyo navyo imepanda vilevile, huenda sababu ni mwalimu mpya wa Kiswahili, au uji wa saa nne ulioanza kupikwa, au vyoo vya wasichana vilivyojengwa. Bila kuziweka shule hizo mbili bega kwa bega tutakuwa tunasifu vifaa kwa kazi iliyofanywa na uji. Na nasisitiza uji kwa makusudi: mtoto aliyetembea kilomita kadhaa bila kula hasomi, hata ukimpa kifaa cha dhahabu.

Tanga hii ilishapata teknolojia ya shuleni zamani kabla ya bibi zetu kuzaliwa. Shule ya serikali iliyofunguliwa na Wajerumani mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuwa na mtambo wa kuchapia, na gazeti la Kiswahili la Kiongozi likatoka hapo miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini. Watawala wale walijua walichokitaka: makarani, wakalimani na wasaidizi wa utawala wao. Shule ikawapatia. Lilikuwa lengo la mtawala, si la mtoto, na hatuna sababu ya kulililia. Lakini inaumiza kuona mkoloni alijua mtambo wake ni wa kazi gani, na sisi, wenye nchi, wenye mtaala unaotamka waziwazi kwamba mtoto ajue kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya mwanzo, tunapokea makasha ya vifaa bila kuuliza yatamfikishaje huko.

Nina neno pia kwa wafadhili, kuanzia kampuni za simu hadi ndugu zetu walio ughaibuni wanaokumbuka shule zao. Mnafanya wema, na msiache. Ila katika bajeti ya msaada wenu tengeni fungu la kumpima mtoto kabla na baada, na fungu la fundi. Kompyuta kumi zenye fundi wa kuzitengeneza na ratiba ya kuzitumia zina faida kuliko arobaini zilizofunikwa vitambaa kwenye chumba kilichofungwa, ufunguo ukiwa kwa mtu aliyehamishwa. Na kabla ya kununua programu ghali, kumbukeni kwamba programu zote tano zilizofika fainali hapa Tanga ziliwekwa wazi, mtu yeyote duniani azichukue na kuziboresha. Shule nyingine duniani zinanufaika na jasho la watoto wetu. Ni haki shule za Korogwe na Handeni nazo zinufaike.

Kwa wakurugenzi wa halmashauri zetu, kuanzia Jiji la Tanga hadi Kilindi, ombi langu ni hili: kabla kasha lijalo halijafunguliwa, amueni kwa maandishi mtoto wa darasa lipi atasoma nini, na lini. Mpimeni. Chagueni shule ya jirani isiyopata vifaa, mpime na watoto wake. Baada ya mwaka bandikeni matokeo kwenye ubao wa matangazo wa shule, kwa Kiswahili chepesi, yawe mazuri au mabaya. Nawe mzazi, kwenye mkutano ujao wa shule usiondoke mpaka mwalimu mkuu aeleze watoto wangapi wa darasa la pili wanasoma, na jioni hiyo umwambie mwanao akusomee ukurasa mmoja.