Leza haifungi goli, inafungia uwanja

Kila mechi kubwa ya usiku ina jamaa yake. Amekaa jukwaani na jezi mpya, sauti imemkauka kwa kuimba, macho yote kwenye boksi. Mwamuzi akishaonyesha kidole kwenye alama ya penalti, jamaa anaingiza mkono mfukoni na kutoa kikalamu kidogo cha leza. Anabonyeza, na nukta ya kijani inaanza kucheza usoni kwa mchezaji wa timu pinzani. Wenzake wanacheka, wengine wanampiga picha. Mwenyewe anajiona ni mchezaji wa 12, tena aliyefanya kazi kuliko wale 11 waliovuja jasho tangu mechi ianze.

Swali ambalo mashabiki hawajiulizi vya kutosha ni moja: kikalamu hicho kinasaidia nini?

Ubishi unaofanana na huo upo Marekani, na huko wanaobishana si mashabiki wa soka, ni wenye bastola. Majimbo mengi ya nchi hiyo yanaruhusu raia kutembea na bastola aliyoificha chini ya nguo, na madukani kuna leza ndogo za kufunga kwenye silaha hiyo ili nukta ya mwanga imwonyeshe mwenyewe risasi itaelekea wapi. Wanaoipenda wanasema inasaidia gizani, na inamfaa mtu ambaye kwa haraka hawezi kuinua bastola hadi usawa wa jicho. Wasioipenda wanasema mchana wa jua kali nukta hiyo haionekani vizuri, betri inaweza kuisha siku usiyoitarajia, na mtu akiizoea anapoteza sekunde muhimu kuitafuta nukta badala ya kutumia kilengeo cha kawaida. Juu ya yote, leza inaanika mkono unaotetemeka. Mwenye mkono mbaya anabaki na mkono mbaya, tofauti ni kwamba sasa anauona ukitetemeka.

Ndiyo maana wenye busara katika ubishi huo wanasema leza ni msaada wa pembeni. Inamfaa aliyekwisha kufanya mazoezi, na haiwezi kukaa mahali pa mazoezi.

Sasa rudi jukwaani. Ikiwa mtu aliyeshika silaha yake mwenyewe, akiwa hatua chache tu kutoka kwenye shabaha, bado anabishaniwa kama leza inamfaa, huyu aliyekaa mita 80 kutoka golini anatarajia nini? Mkono wake ukitikisika kidogo tu, nukta inaruka kutoka kwa kipa hadi kwenye nguzo, kutoka nguzo hadi kwa beki wake mwenyewe. Na mwanga huo haubaki nukta. Unapanuka kadiri unavyosafiri, kiasi kwamba kwa kalamu nyingi za kawaida, ukifika mita 100 unaweza kuwa na upana wa sentimita 10 hivi. Hapo anayemulikwa anafunikwa macho yote mawili kwa mpigo.

Rangi ya kijani nayo ina sababu yake. Jicho la binadamu linaiona kijani kwa urahisi kuliko nyekundu, hivyo leza mbili zenye nguvu sawa, ya kijani itaonekana kali zaidi. Ikipiga jicho usiku, mtu anabaki na doa mbele ya macho kwa muda, kama aliyepigwa mwanga wa kamera kwa karibu. Kope hujifunga zenyewe ndani ya robo sekunde hivi, na kwa leza dhaifu hiyo ni kinga nzuri. Kwa leza kali, robo sekunde ni ndefu mno. Inaweza kuunguza sehemu ya nyuma ya jicho, na kidonda cha huko hakina hakika ya kupona. Vikalamu vya bei rahisi vinavyouzwa mitaani mara nyingi vina nguvu kuliko inavyosomeka kwenye lebo, kama lebo yenyewe ipo. Kwa hiyo anayebonyeza jukwaani hajui ameshika nini. Anachojua ni kwamba kinawaka.

Watetezi wa leza wana jina moja la kujibu: Mohamed Salah. Machi 29, 2022, Senegal iliikaribisha Misri kwenye uwanja wa Diamniadio, nje kidogo ya Dakar, kugombea tiketi ya Kombe la Dunia la Qatar. Mechi ikaenda kwenye penalti. Salah aliposimama kupiga, uso wake ulikuwa wa kijani kwa leza, na dunia nzima iliona kwenye televisheni. Akapaisha. Senegal ikashinda penalti 3-1 na kwenda Qatar. Basi, wanasema, leza imefanya kazi yake.

Haraka haraka haina baraka. Siku hiyo Kalidou Koulibaly wa Senegal ndiye aliyetangulia kupiga, na mpira ukagonga mwamba. Penalti ya Saliou Ciss ikadakwa na Mohamed El Shenawy. Hao walikuwa wenyeji, hakuna shabiki wa nyumbani aliyekuwa na sababu ya kuwamulika, na bado walikosa. Penalti zinakoswa kila wiki na watu ambao hawajamulikwa na chochote zaidi ya taa za uwanjani. Tena Senegal ilikuwa imeshaifunga Misri hiyo hiyo kwa penalti Februari 6 mwaka huo, Yaounde, kwenye fainali ya AFCON, na siku hiyo Salah hakufika hata kupiga. Siku zote mbili penalti ya ushindi aliipiga Sadio Mane. Timu yenye Mane mbele na Edouard Mendy golini ilikuwa na kila sababu ya kujiamini bila msaada wa kalamu.

Kilichobaki baada ya Dakar ni maneno na bili. Hadi leo ukitaja ushindi ule, kuna mtu atataja leza kabla hajamtaja Mendy. Kazi halali ya wachezaji imepakwa doa na watu wa jukwaani. Bili nayo ikaja Mei: FIFA iliitoza Senegal faini ya faranga za Uswisi 175,000 na kuiamuru icheze mechi moja bila mashabiki, kwa makosa ya siku ile ambayo leza ilikuwa mojawapo.

Wembley nako kuna funzo. Julai 7, 2021, nusu fainali ya Euro, Uingereza ikapata penalti dhidi ya Denmark katika muda wa nyongeza. Leza ya kijani ikatua usoni kwa kipa Kasper Schmeichel. Harry Kane akapiga, na Schmeichel akaokoa. Ndiyo, aliyemulikwa aliokoa. Kilichoimaliza Denmark ni mpira kurudi miguuni kwa Kane, akaumalizia. Leza haikufunga pale, umakini wa mfungaji ndio uliofunga. UEFA ikaipiga Uingereza faini ya euro 30,000 kwa leza na vurugu nyingine za mashabiki siku hiyo.

Algeria nao wanakumbuka. Juni 26, 2014, Kombe la Dunia, Brazil, kipa wa Urusi Igor Akinfeev alimulikwa katika mechi iliyoisha 1-1 na kuipeleka Algeria hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake. Bao la Islam Slimani lilikuwa la kichwa kizuri, lakini kocha wa Urusi, Fabio Capello, akapata cha kulalamikia, na FIFA ikapata wa kumtoza: faranga 50,000.

Angalia anayelipa katika mifano yote mitatu. Aliyebonyeza hakulipa. Kanuni za nidhamu za FIFA zinataja leza kwa jina miongoni mwa makosa ya mashabiki, na mzigo wake unabebwa na klabu au chama cha soka, hata kama viongozi wataapa kwamba hawakuhusika. Mwamuzi naye ana mamlaka ya kusimamisha mechi, na hata kuivunja, pale kitu cha nje kinapoingilia mchezo.

Kwa mashabiki wa Tanzania, uwanja mtupu si hadithi ya mbali. Januari 2025, Simba ilicheza na CS Constantine ya Algeria Kwa Mkapa bila mashabiki wake, baada ya vurugu za mechi yao na CS Sfaxien ya Tunisia mwezi uliotangulia. Kosa lile halikuwa leza, lakini adhabu ni ya ukoo huo huo. Uwanja wa watu 60,000 ulikuwa kimya, ukisikia makocha wakipiga kelele kama mazoezini. Mama anayekaanga mihogo nje ya uwanja alikosa wateja. Bodaboda walikosa abiria. Klabu ilikosa mapato ya milangoni. Na mashabiki waliokuwa wastaarabu siku ya vurugu walifungiwa pamoja na wakorofi, kwa sababu adhabu haichagui kiti.

Kuna hoja nyingine inayosikika sana vijiweni: wenzetu wa Afrika Kaskazini wanatumulika tukienda kwao, nasi tuwamulike wakija. Hoja hii ina hasira ya haki ndani yake, maana timu za ukanda huu zimekutana na mambo mengi ugenini. Lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Shabiki hawezi kulia mchezaji wake akimulikwa Cairo, kisha mwezi unaofuata akamulika mwenyewe Temeke, halafu akategemea malalamiko ya klabu yake yasikilizwe. Siku kamati ya nidhamu inapofungua faili, kitu cha kwanza itakachokutana nacho ni video yake.

Na kama ni kulipiza, kuna namna bora. Juni 3, 2023, Yanga walikwenda Algiers kwenye mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Uwanja ulikuwa unachemka kwa kelele na moshi. Djuma Shabani akachukua mpira dakika za mwanzo, akapiga penalti, ikaingia, na Yanga wakashinda 1-0 ugenini. Kombe lilikwenda kwa wenyeji kwa faida ya mabao ya ugenini, lakini penalti ile iliwafikishia ujumbe ambao kalamu yoyote ya leza isingeufikisha. Mguu uliofanyiwa mazoezi hauogopi uwanja.

Nini kifanyike? Mechi za saa 10 jioni si tatizo kubwa, kwa sababu leza na jua haviivi chungu kimoja. Ulinzi uelekezwe kwenye mechi za usiku, hasa za kimataifa. Ukaguzi wa milangoni usiishie kwenye chupa za maji, kalamu nazo zitazamwe. Klabu zitangaze mapema, kwenye kurasa zao na kwenye vipaza sauti vya uwanja, kwamba atakayekamatwa na leza atakabidhiwa polisi na hatauziwa tiketi tena. Na hilo litekelezwe hata kama aliyekamatwa ni kiongozi wa tawi.

Ila mlinzi wa kwanza ni aliyekaa kiti cha jirani. Leza ya kijani usiku, hasa penye moshi au vumbi, inaacha mstari unaoonekana mpaka mkononi kwa anayeishika. Watu 20 waliomzunguka wanamwona. Wakicheka, ataendelea. Wakimwambia "kaka, zima hiyo, utatufungia uwanja", atazima, maana ujasiri wake wote unatokana na kushangiliwa. Asipozima, aitwe askari. Huo si usaliti kwa klabu, ni kuilinda.

Shabiki anayo silaha halali, na haina betri. Ni sauti yake. Kipa mgeni anayesikia watu 60,000 wakiimba nyuma ya goli lake anatetemeka bila kuumizwa jicho, na hakuna kanuni ya FIFA wala CAF inayotoza faini kwa wimbo wa kuisifu timu yako. Jamaa wa kikalamu akiacha kalamu nyumbani, mechi ijayo ataingia tena uwanjani na tiketi yake mkononi. Akija nayo, huenda mechi inayofuata akaitazama sebuleni, yeye na wenzake 60,000 ambao hawakubonyeza chochote.