Baiskeli si gunia la viazi

Shule zinapofunguliwa, stendi ya magari mjini Embu hufurika watu na masanduku. Juu ya matatu ziendazo Chuka na Meru utaona magodoro, masanduku ya bati, madebe na magunia, na katikati ya vitu hivyo baiskeli mbili tatu zilizolazwa ubavu, magurudumu yakizunguka kwa upepo kama kwamba zingali na mtu wa kuziendesha. Mwenye baiskeli, aghalabu mwalimu aliyehamishwa au mwanafunzi wa shule ya kutwa anayekwenda kukaa kwa shangazi yake, husimama chini akitazama juu. Huambiwa aingie ndani, gari linaondoka. Naye huingia.

Barabara hiyo nimeisafiri mara nyingi, na dai langu ni hili: katika magari yetu ya abiria baiskeli haifungwi, bali huwekewa kamba tu. Kufunga na kuweka kamba ni mambo mawili mbalimbali, na tofauti yake huonekana gari linapofika kwenye mteremko.

Wasomaji wasioijua njia hii yafaa waelezwe. Barabara ya kutoka Embu kwenda Meru huuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, ikipitia Runyenjes, Chuka na Nkubu. Mito iteremkayo kutoka mlimani huikata barabara hiyo mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo gari halina budi kushuka bondeni, kuvuka daraja, kisha kupanda tena, na hayo yote katika kona kali. Thuci, Nithi na Mutonga ni majina yanayowatia madereva adabu. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba ajali ile ilitokana na mizigo, la hasha. Nasema kwamba hii si njia ya kumwongezea dereva tatizo jingine juu ya kichwa chake.

Na tatizo lenyewe si dogo. Baiskeli nyeusi ya kawaida, ile ya chuma tuliyoizoea vijijini, ina uzito wa karibu kilo 20. Tano za namna hiyo ni kilo 100, zilizokaa mahali pa juu kabisa pa gari. Kila uzito uwekwao juu ya paa huliinua kitovu cha uzito wa gari zima, na gari lililoinuliwa kitovu chake hulalia upande upesi zaidi linapokata kona. Tena upo upepo. Nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: gari liendalo kilomita 80 kwa saa husukumwa na hewa kwa nguvu mara nne ya ile ya kilomita 40. Mwanafunzi wa fizikia anayeketi chini ya baiskeli hizo anaweza kuipiga hesabu hiyo kwenye daftari lake kabla ya kufika Runyenjes.

Kamba nazo zina tabia zake, na hapa ndipo uzembe wetu unapodhihirika. Kamba ya katani inapolowa maji hujikaza, inapokauka hulegea. Sasa tazama mazingira yetu. Gari hupakiwa asubuhi Chuka, manyunyu ya mlimani yakianguka, na kamba ile yaonekana imekazika vizuri mno. Saa mbili baadaye gari limeshuka kuelekea Ishiara, jua ni kali, kamba imekauka, na fundo lililokuwa imara sasa linacheza. Hakuna aliyelifungua, limejilegeza lenyewe. Ile mipira ikatwayo kutoka katika tyubu za magurudumu, ambayo makanga huipenda kwa kuwa hufungika upesi, huvutika kila gari linaporuka shimo, na baada ya miezi kadhaa ya kuanikwa juani hupasuka bila kutoa ilani. Mpira wafaa kusaidia kamba; haufai kushika mahali pa kamba.

Kosa kubwa kuliko yote ni kufunga gurudumu. Gurudumu huzunguka, na kitu kinachozunguka hakiwezi kushikilia fundo. Kila mzunguko mdogo huila kamba kidogo kidogo. Cha kufungwa ni fremu, mahali pawili palipo mbali, kwenye vyuma vya keria yenyewe wala si kwenye godoro la jirani. Usukani nao ufungwe ili usigeuke-geuke, na kitambaa kiwekwe pale chuma kinapogusa chuma. Anayeweza na azivue pedali, kwa kuwa ndizo zinazotoboa magodoro na kukwaruza baiskeli ya pili. Akumbuke tu kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha ile ya kulia. Wengi wameziharibu nati zao kwa kutolijua hilo, kisha wakamlaumu fundi.

Nimetaja keria, na kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nitaomba radhi nisimame hapo kidogo. Neno hilo tumelitohoa kutoka Kiingereza tukalipa kazi mbili: keria ni kile chuma cha nyuma ya baiskeli kinachobeba mtu au gunia, na keria ni chanja la juu ya gari. Basi baiskeli, ambayo siku zote hubeba, hupandishwa kwenye keria ikabebwa, na papo hapo jina lake hupotea. Juu ya paa haiitwi tena baiskeli. Huitwa mzigo, sawa na gunia la viazi. Na gunia la viazi likitupwa chini hutikisika tu, bali baiskeli ikitupwa chini hupinda uma wa mbele, na uma uliopinda hauonekani upesi kwa macho. Huonekana siku ile mwenyewe anaposhuka kilima kwa kasi.

Mabaharia wa pwani yetu hawakufanya mzaha na kamba. Katika jahazi, kamba ya kupandishia tanga ina jina lake, henza, na ile ya kulidhibiti tanga katika upepo ina jina lake, demani. Baharia anayeambiwa ashike demani hawezi kushika henza kwa bahati mbaya. Makanga wetu anayo kamba moja tu, nayo inaitwa kamba. Simcheki. Hakuna aliyemfundisha, na mwenye gari anamdai hesabu yake jioni. Lakini yafaa tukiri kwamba watu walioyaogopa maji waliyapa mafundo na kamba heshima ambayo sisi tunaokimbia kwenye lami hatujaitoa.

Mwalimu mmoja rafiki yangu alihamishiwa shule moja karibu na Nkubu. Baiskeli yake ilipandishwa juu ya gari mbele ya macho yetu. Aliomba apande aione inavyofungwa. "Mwalimu, hiyo itafika salama, wewe ingia tu," akaambiwa na kijana wa watu, kwa adabu kabisa. Ilifika ikiwa na gurudumu lililopinda na breki iliyokatika. Alipouliza, alionyeshwa risiti yake. Chini yake paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba mizigo husafirishwa kwa hatari ya mwenyewe.

Maneno hayo utayakuta kwenye risiti nyingi za magari ya abiria nchini, na mimi huyasoma kwa jicho la mwanaisimu. Mwenyewe ni nani? Ni mwenye mzigo au mwenye gari? Sarufi ya Kiswahili inaruhusu yote mawili. Tumekubali tafsiri ya kwanza kwa mazoea tu, kwa sababu aliyeiandika risiti ndiye aliyeifasiri. Hata tukiikubali tafsiri hiyo, bado pana upungufu wa haki. Mtu akibebeshwa hatari, hana budi kupewa nafasi ya kuipunguza. Rafiki yangu alikatazwa kupanda, akakatazwa kushika kamba, akaharakishwa aingie, kisha akaambiwa kwamba hatari ilikuwa yake. Na je, baiskeli ikianguka na kumpiga mama anayeuza ndizi kando ya barabara, mama huyo naye alitia saini risiti gani?

Nitaambiwa kwamba kazi ya matatu ni ya haraka na haina nafasi ya mafundo. Sikubaliani. Katika barabara hizi hizi hupita magari yaliyopakia miraa kutoka Maua na vilima vya Nyambene, yakienda kwa mwendo ambao siwezi kuusifu. Hayo yana haraka kuliko matatu yoyote, kwa kuwa miraa ikichelewa hunyauka na bei yake ikanyauka pamoja nayo. Lakini itazame mizigo yao: imepangwa, imefunikwa turubai, imekazwa kwa kamba zilizopishana. Haraka haikuwazuia, kwa sababu mwenye miraa anajulikana na hasara yake ina hesabu. Baiskeli ya mwalimu haina wa kuisemea, ndiyo maana inazunguka magurudumu juu ya paa.

Wala tusitegemee serikali pekee. Kanuni za marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilituletea mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na wengi tunazikumbuka kwa shukrani. Lakini fikra zetu zote wakati ule zilikuwa ndani ya gari, kwenye viti. Paa tuliliachia makanga. Huko Uingereza na Uholanzi, familia zinazokwenda likizo hukokota nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya gari, na baiskeli zikafungwa juu ya hicho kikokotwa. Wao pia wana hatari yao: uzito mwingi ukiwa nyuma kabisa, nyumba ile huanza kuyumba kama mkia, na mkia ukiyumba huvuta gari zima. Kwa hiyo hupima uzito, huhakikisha taa na namba za gari hazikufunikwa, na baada ya mwendo mfupi husimama kando wakakagua tena mafundo. Hawatumii mtambo wowote wa ajabu hapo. Ni dakika tano tu za kusimama.

Kusimama huko kunawezekana kwetu. Magari mengi ya Embu kwenda Meru husimama Chuka hata hivyo, abiria wakashuka na wengine wakapanda. Vyama vya matatu vingeweza kuagiza kwamba hapo, kabla ya mteremko wa Nithi, utingo apande juu na kuzijaribu kamba zote kwa mkono, na mwenye baiskeli aruhusiwe kusimama chini akitazama. Wangeweza pia kuandika kwenye risiti neno baiskeli badala ya mzigo, pamoja na hali yake ilipopokewa. Nauli ya kuisafirisha, ambayo sasa hupatanwa kama bei ya kuku, iwekwe wazi. Nami niko tayari kulipa zaidi kwa baiskeli iliyofungwa kuliko kwa iliyowekewa kamba.

Walimu wenzangu nao wana sehemu yao. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, amezikwa Nyeri, ng'ambo ya pili ya mlima huu huu, na shule zetu nyingi zina skauti wanaojifunza mafundo kila wiki, wakafunga vijiti uwanjani, wakavifungua, wakaenda nyumbani. Siku ya kufunga shule, mwalimu wao awapeleke wachache stendi pamoja na kamba zao. Wazungumze kwanza na makanga kwa heshima, maana hapo ni kazini kwake. Kisha waombe baiskeli moja tu, waifunge kwa fremu, mahali pawili, usukani umetulia, na wamwachie yeye ajaribu kuitikisa.