Ndege wa Manika na Fomu za Watu Wengine

Kila kitu kinachotoka Manika kinapimwa. Lori la shaba hupita kwenye mzani kabla ya kushika barabara ya Likasi, kobalti huandikwa kwa tani, na hata mchimbaji mwenye gunia moja begani hujikuta mbele ya mzani, aupende asiupende. Lakini kila mwaka, mwezi wa pili na wa tatu, kuna msafara mwingine unaotoka kwetu bila mzani: ndege wawindaji wanaorudi kaskazini mvua zikielekea mwisho. Maoni yangu ni kwamba wanabiolojia hawawezi kuwahesabu peke yao, na kwamba sisi watu wa lugha tuna deni katika kazi hiyo.

Kwingineko ndege hawa wanahesabiwa sana. Huko Batumi, Georgia, tangu mwaka 2008 watu hukaa mlimani kuanzia mwezi wa nane, na jumla yao hupita milioni moja. Eilat, kusini mwa Israeli, mwaka 1985, zaidi ya milioni moja walihesabiwa wakirudi kutoka Afrika. Mwaka 1987 Geoff na Hilary Welch walikaa Djibouti, kwenye mlango wa Bab-el-Mandeb, wakahesabu karibu 246,000 wakiingia bara letu. Sehemu hizo zina siri moja. Ndege mzito mwenye mabawa mapana hupenda kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na hewa hiyo ni haba juu ya bahari. Basi wote hujisukuma mahali pembamba, na mwenye kuhesabu huwangoja hapo.

Wakishaingia ndani ya Afrika hutawanyika. Kwetu hawapiti kwa malaki. Hakuna mtaalamu atakayelipwa akae miezi miwili ukingoni mwa uwanda wa Manika akingojea tai kumi kwa siku. Hesabu ya huku inahitaji macho ambayo tayari yako porini: wachoma makala, walinzi wa mashamba, watoto wanaochunga vifaranga. Na wenye macho hayo husema Kiswahili, Kisanga, Kilunda, Kiluba, Kichokwe. Karatasi utakayowapa itaandikwa kwa maneno gani?

Chukua neno moja tu, majira. Huko ng'ambo hesabu ya ndege wanaorudi huitwa hesabu ya majira ya kuchipua. Tafsiri hiyo ni safi kabisa darasani. Ipeleke Manika sasa. Miti yetu ya miombo huchipua mwezi wa tisa, kabla hata ya mvua ya kwanza, majani yakiwa mekundu kama matofali. Mchoma makala akisoma "kuchipua" atapanda kilimani mwezi huo, wakati ndege wetu bado hawajafika. Atakosea kwa nusu mwaka, na karatasi ndiyo itakayokuwa imempoteza.

Majina nayo yana mambo yake. Mwezi wa tatu mwaka jana niliketi ukingoni mwa uwanda na mzee mmoja anayechoma makala. Nilikuwa na majina ya vitabuni: tai, kozi, kipanga, mwewe, kengewa, shakivale. Ndege mmoja alipita chini, karibu na nyumba.

"Baba, ile ni nini?"

"Ile? Ile inaibaka kuku, mwana yangu."

"Na zile za juu kabisa?"

"Zile ni za mvua. Zinakujaka na kumbikumbi, mvua ikiisha zinaenda. Ile ya moto haiko sasa. Ngoja watu waunguze majani, utaiona."

Msomi mwenye haraka ataandika kwamba mzee hajui majina. Mimi nasema ametoa mpango mzima wa uainishaji: kwa tendo, kwa chakula, kwa msimu. Mwewe hufuata kweli moto wa majani, wakikamata panzi na panya wanaokimbia. Baadhi ya tai wanaotoka Ulaya na Asia hufuata kweli kumbikumbi. Tena ndege akiwa juu sana, rangi ya manyoya haionekani. Ndiyo maana hata wahesabuji wa Batumi wana safu za makundi kwa wale walio mbali mno kutambuliwa. Mzee naye ana safu zake, ila hajaziandika.

(Kwa wapenzi wa ngeli: "mwewe" ni mwewe, mmoja au mia mbili. Idadi inabebwa na "ile" na "zile", na "zile" haisemi kama ni wawili au mia. Daftari lazima lidai namba.)

Ninachokiogopa ni majina ya ofisini. Kamusi zetu nyingi humaliza kazi kwa "ndege mkubwa alaye nyama", halafu mfasiri anakuja kuziba pengo kwa kumbuni "tai wa stepu". Stepu gani? Ni kweli kwamba wataalamu wa mimea wameyaita majani ya nyanda zetu za juu kwa neno hilohilo, lakini jaribu kulitamka sokoni Kolwezi uone utakavyotazamwa.

Jina la nyumbani lina nguvu zake. Nagaland, India, mwaka 2012, vipanga wa Amur, wanaovuka Bahari ya Hindi kuja kwetu Afrika, walinaswa kwa nyavu. Makadirio yalizidi laki moja. Mwaka uliofuata wenyeji waliacha. Mwezi wa kumi na moja ndege watatu walifungwa vyombo vya setilaiti wakaitwa Naga, Pangti na Wokha: kabila, kijiji na mji wa hapo. Setilaiti haina haja ya jina. Watu wa Pangti ndio waliokuwa na haja ya kusikia kwamba Pangti amevuka bahari.

Mwalimu mmoja aliniambia hii si isimu, niwaachie wenye darubini. Jina la Kilatini silikatai. Bila hilo hesabu ya Manika haiwezi kukutana na ya Eilat. Liwe safu ya pili ya daftari, lijazwe baadaye na anayelijua. Safu ya kwanza ni kazi yetu, na hakuna idara nyingine iliyofundishwa kuikusanya. Kitivo kingeweza kukubali kazi tano za mwisho wa masomo juu ya majina ya ndege katika lugha tano za Lualaba, badala ya nyingine tano juu ya kuchanganya Kifaransa na Kiswahili sokoni.

Tai wa nyika za Asia ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka tangu 2015. Ikiwa anapungua na huku, atakayeliona mapema ni mtu kama yule mzee, na atasema, "Zile za mvua zimekuwa kidogo." Kwa sasa hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika sentensi hiyo.