Wacha Kuruka Nyota Ndogo

Wasee, leo nasema kitu ambacho kitaudhi watu wangu wa Elite Dangerous: wengi wetu hatutafuti sayari. Tunafuata bei. Tunaruka kutoka nyota moja kali hadi nyingine kama makanga anayewinda steji yenye watu wengi, na kila nyota ndogo nyekundu tunaipita bila hata kuigeukia. Halafu tunajiita wavumbuzi.

Maoni yangu ni haya: ukitaka sayari adimu kwelikweli, kaa kwenye nyota hafifu. Mara nyingi hazilipi, nakubali. Lakini huko ndiko bado kuna kutafuta. (Na hapana, sisemi Nyota Ndogo yule msanii wa Pwani. Nasema nyota ndogo za huko juu.)

Kwa wale hawajui gemu yenyewe, twende haraka. Elite Dangerous ilitoka Desemba 2014, na imetengenezwa na Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza. Ndani yake kuna galaksi yetu nzima kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota bilioni 400. Nyota nyingi ambazo wanaastronomia wameziorodhesha ziliwekwa mahali pake. Zile zingine zinabuniwa na programu inayopiga hesabu za fizikia: hapa kuna mata kiasi gani, ina umri gani, itatoa nyota gani, na nyota hiyo itazungukwa na nini. Watu wamezurura humo miaka yote hii na hata asilimia 1 haijafikiwa. Ukifika mahali wa kwanza, uchunguze, halafu urudi salama uuze data yako, jina lako linabaki pale. Kila mchezaji atakayepita baada yako atalisoma. Chombo chako kikilipuka kabla hujauza, data yote imeenda, na jina pia.

Sasa, kutafuta kunafanyika hivi. Unaruka hadi kwenye mfumo, unapiga honi, yaani kile kitafutio cha chombo kinachotuma wimbi pande zote. Kisha unafungua skrini ya kuchunguza na unaona mstari wenye alama chini. Kila aina ya sayari ina sehemu yake kwenye huo mstari: barafu upande wake, mawe yake, majitu ya gesi kule mwisho. Mtu mzoefu anatupa jicho sekunde tatu na anajua kama kuna dunia ya maji, dunia ya amonia, au ile ambayo kila mtu anaiota, dunia inayofanana na hii yetu. Ukiwa wa kwanza kuigundua na ukairamani yote, hiyo ya mwisho inakulipa zaidi ya krediti milioni moja.

Hapo ndipo ujanja unaingia. Mifumo iliyobuniwa na programu ina majina marefu, na ndani ya jina kuna herufi ndogo kuanzia a hadi h. Herufi hiyo inakuambia uzito wa mfumo. Wachezaji waligundua mapema kwamba dunia kama yetu hupatikana sana kwenye d, ambako nyota ni za wastani, karibu na aina ya Jua letu au kali kidogo. Kwenye a unakuta vibete vyekundu na vile vya kahawia, nyota zisizo na nguvu. Kwa hivyo ushauri unaopewa kila mgeni ni mmoja: chuja ramani, fuata d, ruka a.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Fikiria baridi ya Julai kule Limuru. Ukiwasha moto mkubwa wa kuni, watu wengi wanaweza kukaa umbali tofauti na wote wakaota vizuri. Ukiwa na jiko la makaa yanayokaribia kuzima, lazima usogee karibu sana, na nafasi ni ya mtu mmoja au wawili. Nyota hafifu ni hilo jiko. Ukanda ambao maji hayagandi wala hayachemki ni mwembamba na uko karibu na nyota kabisa. Sayari kuangukia hapo, tena ikiwa na uzito sawa na hewa sawa, ni bahati kubwa. Kwa hivyo ipo, lakini ni chache sana.

Na sisi, badala ya kusema "ni chache, twende tukaitafute," tukasema "ni chache, tuachane nayo." Wengine wameenda mbali zaidi. Kuna orodha zinaitwa Road to Riches: unaandika mahali ulipo, unapewa njia ya mifumo ambayo sayari zake za bei tayari zinajulikana. Unaruka, unachunguza, unaruka. Kila kitu kiko pale ulipoambiwa kitakuwa. Sikatai, pesa inaingia haraka. Lakini hiyo ni kazi ya kupeleka mizigo. Hakuna kitu kimoja utakachokiona ambacho hakijaandikwa kwenye orodha.

Najua jibu mnalotaka kunipa, na ni jibu la maana. Kuna mtu anacheza kwa kulipia saa, kila dakika anaona shilingi zikitembea. Kuna mtu anacheza nyumbani kwa bando, na gemu hii inataka intaneti hata ukicheza peke yako. Stima nayo ina mambo yake. Mtu kama huyo ukimwambia akachunguze nyota 300 ambazo pengine hazina kitu, atakuuliza kama wewe ndiye utamlipia.

Hapo nina hoja mbili. Ya kwanza ni ya mfuko. Kufuata sayari za bei ambazo hazina jina la mtu kunakupeleka mbali, maelfu ya miaka ya nuru, kwa chombo kizuri cha masafa marefu, kwa sababu zile za karibu watu walishazimaliza. Nyota hafifu ziko kila mahali. Nimekuta mifumo ya herufi a isiyo na jina la mtu yeyote safari ya jioni moja tu kutoka kwenye vituo vya watu, kwa sababu kila mtu aliiruka akielekea mbali. Chombo cha bei ya chini kinatosha. Kwa saa mbili za Jumamosi unaweza kumaliza kona yako ndogo na ukarudi kuuza siku hiyo hiyo.

Lakini chunga mafuta. Unaweza kuchota mafuta kwenye nyota za aina K, G, B, F, O, A na M. Vibete vyekundu ni M, hapo uko sawa. Vibete vya kahawia, yaani L, T na Y, havikupi hata tone. Ukiingia kwenye eneo lenye hivyo vitupu na tangi liko robo, utakwama gizani. Ikifika hapo, kuna kikundi cha wachezaji kinaitwa Fuel Rats, watu wanaojitolea kuruka mpaka ulipo wakuletee mafuta bure. Waheshimu, lakini usiwape kazi ya bure.

Hoja ya pili ni ya anga la kweli, na hapa ndipo nawaomba msome polepole.

Vibete vyekundu ni kama robo tatu ya nyota zote za galaksi yetu. Na hakuna hata kimoja unachoweza kukiona kwa macho matupu. Nenda Samburu, nenda Chalbi, mahali hakuna taa hata moja, uangalie juu usiku kucha. Zile unazoziona zote ni zile kali. Walio wengi hawaonekani. Jirani wetu wa karibu kabisa baada ya Jua, Proxima Centauri, ni mmoja wao, umbali wa miaka ya nuru 4.2 hivi. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba ina sayari yenye uzito unaokaribia wa Dunia.

Halafu kuna TRAPPIST-1, umbali wa miaka ya nuru kama 40. Ni nyota ndogo kiasi kwamba kwa upana inaizidi Jupita kidogo tu. Ilianza kufuatiliwa kwa darubini ya kiotomatiki iliyoko La Silla, Chile, yenye kioo cha sentimita 60. Sentimita 60, wasee! Hiyo kwa wanaastronomia ni darubini ya udogoni. Februari 2017 ikatangazwa kwamba nyota hiyo ina sayari 7 za ukubwa unaokaribia wa Dunia.

Kifaa kidogo kiliwezaje? Chukua nondo mmoja. Mpitishe mbele ya mulika mwizi, ule mlingoti wa taa unaomulika mtaa mzima. Hutaona chochote. Sasa mpitishe mbele ya tochi ya kabambe. Utaona mwanga umeziba. Dunia ikipita mbele ya Jua inaziba chini ya sehemu 1 kati ya 10,000 ya mwanga. Sayari kubwa za TRAPPIST-1 zinaziba kama sehemu 7 kati ya 1,000. Ule uhafifu ambao tunaukimbia kwenye gemu ndio uliofanya sayari zionekane.

Na sikia hii. Habari hiyo ilipotoka, watengenezaji wa Elite waliangalia ramani yao. Karibu na mahali hapo, programu yao ilikuwa imeshabuni kibete cha kahawia chenye sayari 7 za mawe, umbali wa miaka ya nuru 39. Hakuna aliyekijali. Wakakirekebisha kifanane na kile halisi, wakakipa jina la TRAPPIST-1.

Bado hamjashtuka? Basi kuna ya nyumbani. Mwaka 2009 ilitangazwa sayari inayozunguka kibete chekundu kinachoitwa GJ 1214, umbali wa miaka ya nuru kama 48. Iligunduliwa kwa darubini za sentimita 40 kule Arizona. Mwaka wake unaisha kabla siku 2 kupita. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipoomba majina, pendekezo kutoka Kenya ndilo lililochaguliwa, na tangu Juni 2023 nyota hiyo inaitwa Orkaria na sayari yake Enaiposha. Ni Kimaasai. Orkaria ni ule udongo mwekundu wa kujipaka, na Enaiposha ni maji mengi yanayoyumba kwa mawimbi, neno lile lile lililotupa Naivasha. Wakenya wakapewa nafasi angani, na nafasi yenyewe ni nyota hafifu nyekundu, aina ile ile unayoiruka kila siku ukikimbilia d.

Sitaki kuwauzia ndoto. Nyota hizi zina tabia mbaya. Zinalipuka kwa miale, na sayari ikikaa karibu hivyo huenda upande mmoja ukabaki mchana milele na mwingine usiku. Darubini ya James Webb iliangalia sayari mbili za ndani za TRAPPIST-1 na matokeo ya 2023 hayakuonyesha hewa nzito. Enaiposha nayo imefunikwa na ukungu mzito. Pengine hakuna mtu nyumbani. Lakini hilo tumelijua kwa sababu kuna watu walikaa chini wakaangalia.

Kwenye gemu, mimi ilinichukua wiki sita. Jumamosi sita za barafu, mawe, barafu, mawe. Halafu alama ikatokea pale kwenye mstari ambapo haikupaswa kutokea: dunia kama yetu, kwenye kibete chekundu, ikiwa imeikaribia nyota kama paka kwenye jiko. Bahari upande mmoja, giza upande mwingine. Gemu haikuruhusu kutua kwenye dunia za aina hiyo, kwa hivyo niliizunguka tu. Mathe akapita nyuma yangu akauliza hiyo nayo ni nini. Nikamwambia, "Ni dunia nyingine, Mama, mimi ndio wa kwanza kuiona." Akaangalia kidogo, akasema, "Na vyombo vya dunia hii umeosha?"

Nilienda nikaosha. Lakini alirudi baadaye, akasimama, akauliza kwa nini upande mmoja ni usiku. Tukakaa tukiongea kuhusu hilo hadi ugali ukaiva. Road to Riches haijawahi kunipa jioni kama hiyo, na imeshanipa krediti nyingi sana.

Kwa hivyo changamoto yangu kwenu ni hii. Wikendi hii usifungue orodha yoyote. Chagua kona moja karibu nawe, mifumo 20 ya herufi a, vibete vyekundu, tangi likiwa limejaa. Chunguza kila kimoja mpaka mwisho, hata kile chenye mawe mawili tu. Uza data yako kabla ya kulala. Kama hutapata chochote, angalau mtu wa baadaye akifika pale atakuta jina lako na atajua kuna mtu hakuruka.