Kiongozi Humpa Nani Hesabu?



Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja. Mama mmoja aliinua mkono. Akauliza, "Ndugu Mwenyekiti, fedha za mashine yetu ya kusaga ziko wapi?" Mzee aliyekaa karibu nami alinong'ona, "Zamani nani angethubutu kumwuliza mkubwa hivyo?"

Maneno ya mzee yule yalinifuata njia nzima. Je, ni kweli kwamba zamani kiongozi hakuulizwa?

Tuanze na Usukuma na Unyamwezi, kabla ya wakoloni. Huko kiongozi aliitwa mtemi. Watu walimpelekea nafaka, naye aliweka akiba ghalani. Njaa ilipoingia, watu walitazamia ghala lifunguliwe. Tena waliamini kwamba mvua imo mikononi mwake. Basi mvua ikikosekana, lawama zilimwangukia yeye. Wazee waliomchagua waliweza pia kumwondoa. Sisemi kwamba utawala ule ulikuwa wa haki kwa wote. Mtu asiye wa ukoo wa watemi hakuweza kutawala, hata awe na akili namna gani. Lakini mtemi alijua kwamba ghala likiwa tupu, kiti chake kinatikisika.

Wajerumani walipokuja, mambo yaligeuka. Waliweka maakida na majumbe. Jumbe aliishi kijijini, lakini bwana wake alikaa bomani. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi na kutafuta watu wa kazi za lazima. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya lazima. Majumbe walisimamia kazi. Malipo yalikuwa madogo, hata wengine walikataa kuyapokea. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Hivyo ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza. Viliendelea mpaka 1907. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na njaa, kwa kuwa Wajerumani walichoma vyakula na mashamba.

Baadaye walikuja Waingereza. Kwa sheria ya mwaka 1926 walitawala kwa kupitia machifu. Mahali pasipokuwa na chifu, walimweka. Waluguru, kwa mfano, walikuwa na wakuu wa koo tu. Wakapewa wakubwa waliopokea mshahara wa serikali.

Hapa naona haya kidogo, maana habari hii inatuhusu sisi mabwana shamba. Mwaka 1950 ulianza mpango wa kuhifadhi udongo wa milima ya Uluguru. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Asiyechimba alishtakiwa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, lakini hakuna aliyemwuliza mkulima kama matuta yale yanafaa shambani kwake. Wakubwa walioshirikiana na serikali walichukiwa. Mwaka 1955 ghasia zilitokea Matombo, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Mimi nikienda milimani leo kuzungumza juu ya matuta, naanza kwa kuuliza, sianzi kwa kuagiza.

Baada ya Uhuru, serikali iliondoa madaraka ya machifu mwaka 1963. Kisha sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ilieleza vizuri madaraka ya kijiji. Mwenye neno kubwa ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji. Huo ndio unaoweza kuwaondoa wajumbe wake. Unapaswa kukutana kila miezi mitatu, na hapo halmashauri husoma mapato na matumizi.

Basi, turudi kwa yule mama. Alijifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Siku tatu kabla ya mkutano alisimama mbele ya ubao wa matangazo, akaisoma karatasi ya hesabu mstari kwa mstari. Akaona mapato ya mashine ya miezi miwili hayamo. Wengine walikuwa wamepita pale kila siku, nami nikiwa mmoja wao. Tulidhani ni tangazo la chanjo ya kuku.

Mwenyekiti alikasirika kwanza. Alisema mama anamvunjia heshima. Watu wakanyamaza. Ndipo mzee yule yule wa minong'ono akasimama. Akasema, "Mwanangu, mama hajakutukana. Ameuliza hesabu tu."

Mtunza hazina alisema stakabadhi ziko nyumbani kwake. Mkutano ukampa muda mpaka Jumamosi ya pili azilete zote, zisomwe kwa sauti mbele ya watu. Mimi nimealikwa kuzungumzia dawa ya kuhifadhi mahindi. Nimeomba zamu yangu iwe baada ya hesabu.