Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Naye Apone



Katika mdahalo wetu wa mwezi uliopita hoja ilikuwa hii: "Miji ya pwani ya Mediterania isiwawekee watalii mpaka." Mimi nilisimama upande wa kuipinga, tukashindwa. Sitaki kufufua ubishi, ila muda wangu ulikwisha kabla sijasema lililo kubwa. Naomba nilimalize hapa.

Ndugu yetu wa upande wa pili alituambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo ni ya kweli. Lakini je, mwenyeji wa Venice amepona? Mji ule wa Italia umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100. Mwaka 1951 wakazi wake walikuwa kama 175,000; mwaka 2022 walikuwa wamepungua hata chini ya 50,000. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni hii: mwenye nyumba hupata faida zaidi kwa mtalii wa siku tatu kuliko kwa mwalimu anayepanga mwaka mzima. Duka la mkate nalo hugeuka duka la vitu vya ukumbusho.

Ng'ambo ya bahari ya Adriatic, katika nchi ya Kroatia, uko mji wa Dubrovnik, wenye kuta za mawe zipatazo kilometa 2. Kuta zile zilistahimili mizinga ya vita mwaka 1991. Lakini leo wanaoishi ndani yake ni wachache. Meli moja kubwa yaweza kushusha watu 3,000 asubuhi. Wakapiga picha, wakarudi melini kula chakula cha jioni. Mgeni wa namna hiyo amwachia nini mwenyeji?

Ndiyo maana wenyeji wameanza kuweka kiasi. Mwaka 2019 Dubrovnik ilipatana na wenye meli kwamba zisifike zaidi ya mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 2021 Venice ilizuiwa kupitiwa na meli kubwa mbele ya mji, na mwaka 2024 ikaanza kutoza euro 5, katika siku za msongamano, kwa mgeni asiyelala mjini.

Hapa nakiri kwamba wapinzani wetu walinichoma waliposema: "Mpaka ukiwekwa, wa kwanza kufungiwa mlango ni maskini kama wewe." Ni kweli. Nina miaka kumi na tisa, natamani mno kuziona kuta zile, wala sina nauli. Kwa hiyo ada siipendi, maana tajiri huilipa bila kuisikia. Bali kuhesabu meli ni haki, kwa kuwa meli ikizuiwa, tajiri na maskini huzuiwa pamoja.

Nikijaliwa kufika huko siku moja, afadhali ningoje zamu yangu, kisha nimkute mwenyeji nimwamkie, kuliko kuingia upesi nikakuta wageni tu. Nyumba iliyokimbiwa na mwenyewe, nani atasema karibu?

Mwenye jibu na aandike.